Picha ya ubongo isigeuzwe hukumu

Siku daktari atakapokuonyesha picha ya ubongo wa mamako kwenye skrini na kukwambia kwamba baada ya kiharusi ana nafasi ya asilimia 20 ya kupona, usikimbilie kuuliza kama 20 ni nyingi au ni kidogo. Uliza kwanza: kupona hadi wapi? Kutembea hadi chooni bila kushikwa? Kurudi kwa kibanda chake sokoni? Kukuita kwa jina? Halafu uliza hiyo 20 imetoka kwa wagonjwa gani, na walitibiwa vipi.

Tunawaandikia vijana kwa sababu ni nyinyi mtakaopigiwa simu. Mzee akianguka ushago saa kumi na moja alfajiri, anayetafutwa ni yule mtoto aliye Nairobi, Mombasa au Eldoret, yule “aliyesoma”. Ndiye anayetafuta gari, anayetuma pesa kwa M-Pesa, anayefungua grupu ya WhatsApp ya mchango, na ndiye mwishowe anayesimama mbele ya daktari kuamua kama mgonjwa apelekwe hospitali kubwa au abaki pale alipo. Uamuzi huo unazidi kuegemea picha za ubongo, na siku si nyingi utaegemea pia programu za akili unde zinazozisoma picha hizo.

Picha hizo zinaokoa watu, hilo halina ubishi. Hofu yetu ni jinsi utabiri unaotoka kwenye picha unavyoweza kugeuka taratibu ukawa sababu ya kumnyima mtu matibabu. Si hofu ya kubuni. Imeshatokea, tena katika nchi zenye mashine bora kuliko zetu.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Kiharusi kina sura mbili kubwa. Katika ya kwanza, mshipa wa damu unaoelekea ubongoni unazibwa na donge la damu iliyoganda. Katika ya pili, mshipa unapasuka na damu inavuja ndani ya ubongo. Kwa nje, zote mbili zinafanana: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yanatoka kama ya mlevi. Hakuna daktari anayeweza kutofautisha kwa macho. Na ukimpa dawa ya kuyeyusha donge mtu ambaye mshipa wake umepasuka, unaweza kumuua. Ndiyo maana CT skani haingoji. Kwetu Afrika jambo hili ni zito zaidi, kwani utafiti mkubwa uliofanywa Ghana na Nigeria na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi walikuwa wa kuvuja damu.

Donge likinasa kwenye mshipa mkubwa, dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Hapo daktari aliyesomea kazi hiyo hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, akaupandisha hadi ubongoni, kisha akalinasa donge kwa wavu mdogo wa chuma au akalifyonza. Ni kama fundi anayezibua bomba bila kuvunja ukuta. Mwaka 2015, majaribio matano, yakiwemo ya Uholanzi, Kanada, Australia na Uhispania, yalithibitisha kwamba njia hii inafanya kazi. Wagonjwa wote 1,287 wa majaribio hayo walipojumlishwa mwaka uliofuata, 46 kati ya kila 100 waliotolewa donge walikuwa wanajitegemea baada ya siku 90. Kwa waliopewa matibabu ya kawaida pekee walikuwa takriban 27.

Hayo ni mafanikio makubwa kwelikweli. Lakini 46 si 100. Zaidi ya nusu hawakufika hapo, wakiwemo wengi ambao mshipa wao ulizibuliwa vizuri tu. Kwa hivyo madaktari wakaanza kuuliza: je, tunaweza kujua mapema nani atapona na nani hatapona? Wakageukia picha.

Fikiria mtaa ambao bomba kuu la maji limeziba. Nyumba zilizo karibu na bomba zinakauka mara moja. Zilizo mbali kidogo zinaendelea kupata matone kupitia mabomba madogo ya jirani, na zinaweza kuishi hivyo kwa saa kadhaa. Ubongo ni vivyo hivyo. Kuna sehemu inayokufa mapema, na pembeni yake kuna sehemu iliyonyamaza lakini haijafa, inayosubiri damu irudi. Mwaka 2006 daktari Mmarekani Jeffrey Saver alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Huo ni wastani tu. Kuna mtu ambaye mishipa yake midogo ya pembeni ni imara na ubongo wake unavumilia saa nyingi, na kuna mwingine ambaye kwa saa mbili kila kitu kimekwisha. Ndiyo maana wagonjwa wawili waliofika hospitalini saa ile ile wanaweza kuwa na hatima tofauti kabisa.

Kazi ya picha ni kuonyesha kilichokufa na kinachoweza kuokolewa. Njia iliyozoeleka ilibuniwa Alberta, Kanada, ikachapishwa mwaka 2000, nayo inaitwa ASPECTS. Haihitaji mashine ya ajabu, CT ya kawaida inatosha. Daktari hugawanya sehemu inayolishwa na mshipa mkuu wa upande mmoja wa ubongo katika maeneo 10, halafu anatoa alama moja kwa kila eneo lililoonyesha kuharibika. 10 ni ubongo ambao uharibifu wake bado hauonekani, 0 ni ubongo ulioharibika kote katika eneo hilo. Zipo pia picha za kisasa zaidi zinazopima jinsi damu inavyopita, ambazo programu za kompyuta huzipaka rangi na kutoa hesabu ya kilichokufa na kilichozimia.

Picha hizi zilipofungua mlango, zilifungua sawasawa. Zamani, saa 6 zikipita tangu kiharusi kuanza, mgonjwa alihesabiwa kuwa amechelewa. Hata aliyeamka asubuhi akiwa amepooza alihesabiwa hivyo, kwa vile hakuna aliyejua ilianza saa ngapi usiku. Utafiti uitwao DAWN, uliochapishwa 2018, ulichukua watu waliofika kati ya saa 6 na 24, ukatumia picha kuwatambua wale ambao ubongo wao mwingi ulikuwa bado hai. Waliotolewa donge, 49 kati ya 100 waliishia kujitegemea. Ambao hawakutolewa, 13. Saa ilisema hapana na picha ikasema ndiyo. Picha ilikuwa sahihi.

Lakini picha hiyo hiyo ilifunga mlango mwingine.

Miongozo ya madaktari wa Marekani ya 2015 ilipendekeza kwa nguvu matibabu haya kwa wenye alama 6 kwenda juu. Walio chini ya hapo hawakukatazwa rasmi, ila katika hospitali nyingi ilieleweka hivyo. Hoja ilikuwa na mantiki: ubongo umeharibika sana, tukirudisha damu pengine tutamvujisha, na hata tukifaulu ataishia kitandani. Kwa hivyo mgonjwa wa alama 4 alilazwa, familia ikaambiwa ijiandae, na shughuli ikaisha hapo.

Halafu mwaka 2022 Wajapani wakafanya jambo rahisi ambalo wengi walikuwa wanaliogopa. Walichukua wagonjwa 203 wenye alama 3 hadi 5, nusu wakatolewa donge, nusu wakapewa matibabu ya kawaida. Baada ya siku 90, asilimia 31 ya waliotolewa donge walikuwa wanaweza angalau kutembea wenyewe, dhidi ya asilimia 12.7 ya wenzao. Mwaka 2023 China ikapata matokeo yanayoelekea huko huko. Mwaka huo huo utafiti mwingine, uliofanywa katika mabara kadhaa, ukaonyesha waliofika hatua ya kujitegemea ni asilimia 20 kwa waliotolewa donge na 7 kwa ambao hawakutolewa. Haikuwa bure: kule Japani, damu ilionekana kuvuja ubongoni kwa asilimia 58 ya waliotolewa donge, dhidi ya 31 kwa wengine, ingawa si kila uvujaji uliomdhuru mgonjwa. Hata hivyo, ukijumlisha faida na hasara, ilikuwa heri kutibiwa.

Angalia vizuri kosa lilikuwa wapi, kwa sababu ndilo tunaloweza kulirudia hapa kwetu. Utabiri haukuwa wa uongo. Wagonjwa wa alama 4 kweli wengi wao hawakupona vizuri, hata waliotibiwa. Kosa lilikuja pale watu waliporuka kutoka “huyu atapona kwa shida” hadi “matibabu hayatamsaidia huyu”. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mtu mwenye nafasi ya 20 kati ya 100 anaonekana amekwisha, hadi ukumbuke kwamba bila matibabu angekuwa na 7. Nafasi yake imekaribia kuwa mara tatu.

Kwa hiyo ukiwa pale hospitalini usikubali namba moja. Dai mbili: akitibiwa ni ngapi, asipotibiwa ni ngapi? Daktari mzuri hatakasirika. Na kama hana namba ya pili, basi ile ya kwanza haitoshi kukataa wala kukubali.

Kuna mtego mwingine, tena huu wa kimya zaidi. Mwaka 2001 madaktari wa Seattle, Marekani, walionya kuhusu wagonjwa wa kiharusi cha kuvuja damu: daktari akiamini mgonjwa atakufa, msaada unaondolewa mapema, mgonjwa anakufa, na kifo chake kinaingia kwenye takwimu kama ushahidi kwamba wagonjwa kama yeye hufa. Sasa iletee kompyuta rekodi hizo ijifunze. Itatabiri kifo kwa ustadi mkubwa, na itakuwa “sahihi”, kwa sababu imejifunza kukata tamaa kutoka kwetu. Tangu 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikiidhinisha programu za akili unde zinazosoma picha za kiharusi na kumwarifu daktari kwa simu. Kwa kazi hiyo ya kuharakisha, tunazikaribisha kwa mikono miwili, hasa nchi hii ambapo madaktari wa neva ni wachache na wengi wako Nairobi. Kuharakisha ni tofauti na kuhukumu.

Isitoshe, picha yenyewe haioni kila kitu. Mwaka 2018 watafiti walirudi kwenye data ya majaribio yale ya kwanza, wakapima ukubwa wa sehemu iliyokufa baada ya matibabu. Walitarajia kwamba kupungua kwa uharibifu ndiko kunakoeleza kwa nini waliotibiwa walipona vizuri zaidi. Kulieleza takriban asilimia 12 tu ya faida hiyo. Ukubwa wa doa si kila kitu. Doa dogo likikaa kwenye njia ya neva inayoshuka kwenda mkononi linaweza kumwacha mtu na mkono uliokufa ganzi maisha yake yote, huku doa kubwa mahali pengine likimwacha na shida ndogo. Kuna umri, sukari mwilini, hali ya mtu kabla hajaugua, na kile kinachofanyika wiki na miezi baada ya kutoka hospitalini.

Na hata neno “kupona” si la daktari peke yake. Tafiti nyingi hutumia kipimo chenye asili Glasgow, cha daktari John Rankin wa mwaka 1957, kinachoanzia 0, yaani hana dalili yoyote, hadi 6, yaani amefariki. Mtu wa 2 hawezi kufanya yote aliyokuwa akifanya lakini anajihudumia. Wa 3 anahitaji kusaidiwa mambo fulani ila anatembea mwenyewe. Wa 5 yuko kitandani. Tafiti nyingi zinachora mstari kati ya 2 na 3: huku amefaulu, kule ameshindwa. Wajapani waliuchora baada ya 3, na ndiyo maana tumesema “kutembea” kwa wagonjwa wao.

Sasa peleka mstari huo Vihiga au Kitui. Kwa shosho anayeishi na watoto na wajukuu, 3 si kushindwa hata kidogo. Tofauti kati ya 3 na 5 ni mjukuu kuacha shule ili amgeuze kitandani. Kwa dereva wa matatu, kwa upande mwingine, hata 2 inaweza kuwa na maana kwamba kazi imekwisha na nyumba nzima haina mapato. Na kwa mwalimu au mhubiri, kipimo hiki hakisemi lolote la maana kuhusu ulimi wake. Hakuna programu inayojua ni kipi kati ya hivi ambacho mzazi wako angekithamini. Wewe pengine unajua. Kama hujui, muulize angali mzima, hata kama ni mazungumzo ya kukwepwa mezani.

Tuwe wakweli pia kuhusu pesa. Kutoa donge ni matibabu ghali na hapa Kenya yanapatikana katika hospitali chache mno, hasa za Nairobi. Familia zinauza shamba kwa mgonjwa ambaye hatafungua macho tena, kisha zinabaki na deni na kaburi. Anayesema kwamba kuna wakati utabiri mbaya unapaswa kusikilizwa ana hoja, na hatutaki madaktari wawape watu matumaini hewa. Familia ina haki ya kuambiwa ukweli mapema, hata ukiwa mchungu. Tunachopinga ni namba kuamuliwa juu ya kichwa cha mgonjwa, mahali pasipoonekana: mtu wa bima akitazama alama kwenye skrini na kukataa kulipa, au hospitali ikikataa kumpokea mgonjwa kwa simu kwa sababu programu imempa alama 4.

Sheria tayari tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea mashine pekee. Wengi wanaijua sheria hii kwa sababu ya mikopo ya simu. Inahusu pia kitanda cha hospitali. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kumekuwa na mfuko wa dharura na magonjwa mahututi katika mpangilio mpya. Wizara ya Afya na SHA zinapaswa kuandika waziwazi kwamba alama ya picha au utabiri wa programu hautakuwa sababu pekee ya kumnyima mgonjwa wa kiharusi uhamisho wala malipo.

La pili ni kujaribu mambo haya kwetu. Majaribio tuliyoyataja ya kutoa donge hayakufanywa katika hospitali zetu za kaunti, kwa wagonjwa wanaofika baada ya safari ya saa nne za barabara ya vumbi. Brazil ilikuwa na swali hilo hilo. Badala ya kubishana, ilifanya jaribio katika hospitali 12 za umma, wagonjwa 221, na mwaka 2020 matokeo yakatoka: 35 kati ya 100 walijitegemea dhidi ya 20. Baadaye serikali ikakubali kuyagharimia matibabu hayo katika mfumo wa umma. Kenya inaweza kuanza kwa kitu cha chini zaidi, yaani daftari la kitaifa la kiharusi linaloandika kila mgonjwa alifika saa ngapi, alipigwa picha gani na alikuwaje baada ya siku 90. Bila hilo, programu yoyote itakayouzwa hapa itakuwa inatutabiria kwa miili ya watu wengine.

Na utabiri usiishie kwenye chumba cha dharura, kwa sababu faida yake tamu kabisa iko baadaye. Auckland, New Zealand, timu ya Cathy Stinear ilitengeneza njia ya kutabiri kama mkono wa mgonjwa utarudi. Mwanzoni, 2012, ilihitaji MRI. Kwenye toleo la 2017, MRI ikaondolewa. Siku ya tatu mgonjwa anaambiwa ainue mkono pembeni na anyooshe vidole, nguvu ya kila tendo inapewa alama 0 hadi 5, na zinajumlishwa. Akifika 5 au zaidi na ana umri chini ya miaka 80, mkono unatarajiwa kurudi vizuri. Wenye alama za chini, takriban thuluthi moja ya wagonjwa, ndio waliohitaji kipimo cha ziada cha sumaku. Utabiri ulitimia kwa robo tatu ya wagonjwa. Wataalamu wa fiziotherapia walipoambiwa utabiri huo walibadilisha mazoezi kulingana na mtu, na wagonjwa wakarudi nyumbani takriban wiki moja mapema bila kupona vibaya zaidi. Hapo hakuna aliyenyimwa kitu. Kila mtu alipewa kazi inayomfaa. Hospitali ya kaunti isiyo na MRI inaweza kuanza na sehemu ya kwanza ya kipimo hicho, mradi tu iwe na mtaalamu wa fiziotherapia, na hapo ndipo kaunti nyingi zimezembea.

Kama unampeleka mtu hospitalini leo, kuna taarifa moja ambayo mashine zote hizi haziwezi kuisoma kwenye ubongo kwa uhakika: saa ya mwisho alipoonekana akiwa sawa. Matibabu mengi yanaanzia hapo. Waulize waliolala naye, jirani, hadi soja wa geti. Iandike kwenye simu kabla gari halijaondoka, pamoja na majina ya dawa za presha na za kuzuia damu kuganda anazotumia, na ukifika mpe daktari kabla hata hajakuuliza jina.